Dirisha la methadoni: miaka mitatu ya kumsindikiza mdogo wangu

Kwanza bei, maana ndiyo swali ninaloulizwa kila nikiigusa habari hii ya methadoni, dawa ya kunywa ya kuwatibu waliozama kwenye unga, yaani heroini: bure. Kadi bure, vipimo bure, dawa bure, daktari bure. Mtu akikuomba hela kati ya geti na dirisha, huyo ni tapeli, rudi nyuma ukamseme.

Sasa gharama, kwa sababu bei na gharama ni vitu viwili. Sisi tunakaa Kitunda. Kufika kliniki ni daladala mbili, kurudi mbili, mia sita kila moja, jumla 2,400 kwa siku. Na dawa inanywewa kila siku iendayo kwa Mungu. Jumapili imo, Idi imo, siku ya masika barabara imekatika nayo imo. Kwa mwezi ni 72,000, na miezi mitano ya mwanzo tulikuwa tunakwenda wawili. Mimi nauza supu na chapati. Pigeni wenyewe hesabu ya chapati.

Kliniki ni ya hospitali ya serikali hapahapa Dar es Salaam. Jina silitaji. Nina malalamiko huko mbele, mdogo wangu bado anakunywa dawa pale, na sitaki kesho akifika dirishani aulizwe kama dada yake ndiye yule wa kuandika.

Kabla ya hapo tulipita soba hausi mbili, zile nyumba za kukaa mpaka uache ulevi. Ya kwanza haina cha kusimuliwa, alikaa siku sita akaruka ukuta. Ya pili ilikuwa nyumba ya kupanga yenye geti jeusi, vijana ishirini na kitu, vitanda vya ghorofa, ratiba imebandikwa ukutani. Laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi minne, zote zinalipwa mkupuo. Tuliuza friza.

Haki yao niwape. Walikuwa wanaijua arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa ulevi wake, kuliko daktari yeyote niliyewahi kukaa naye, kwa sababu wasimamizi wote wameipitia wenyewe. Siku ya pili na ya tatu, pale mtu anapopiga miayo mfululizo, kamasi na machozi vinamtoka bila msiba, ngozi inamsisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa, anatapika, anaharisha, miguu inarusha mateke yenyewe usiku kucha, walikaa naye kwa zamu. Uji, maji ya chumvi na sukari, taulo. Baada ya wiki akawa ametoka ng'ambo ya pili, anacheka, anaomba ugali.

Lakini mdogo wangu hakuwa na unga peke yake.

Alikuwa na miaka 22, anapiga rangi magari kwenye gereji moja Tabata, alipoanza kusema redio ya jirani inamtaja jina. Jirani hakuwa na redio. Mama akampeleka Mkuranga kwa mtaalamu: kuku mweupe, kombe, hirizi ya mkono wa kushoto. Akarudi na hirizi, na redio bado inaongea. Mwaka uliofuata akaanza kokteli, yaani bangi iliyonyunyiziwa unga, baadaye unga mtupu, baadaye sindano. Miaka yote hiyo mimi niliamini unga ndio uliomharibu kichwa. Yeye aliwahi kuniambia, tumekaa kibarazani saa za magharibi: "Dada, nikivuta wananyamaza." Nilidhani anatengeneza njia ya kuniomba buku. Nikampa buku aondoke.

Hospitali moja ilikuwa imemwandikia vidonge vya ugonjwa wa akili, akawa anameza siku anazokumbuka. Siku ya kumpokea soba, msimamizi aliufungua mfuko wa dawa, akazigeuza geuza, akaniambia, "Hapa ni nyumba safi dada. Dawa ni dawa." Akanirudishia mfuko. Nami nikaupokea nikaondoka nao. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka sana kumwamini mtu anayeongea kwa uhakika. Wiki ya tano mdogo wangu akaacha kula kwa sababu mpishi anaongea na redio. Wiki ya sita wakamfunga kamba kitandani, wakanipigia simu nikamchukue, na hela ya miezi iliyobaki hairudishwi.

Sisemi soba zote ziko hivyo. Namjua kijana wa Vingunguti ambaye kwake zile hatua 12 za kuacha ulevi wanazofundisha soba na ule msemo wao wa "leo tu" vimemshika kweli, huu mwaka wa saba, ana bajaji yake. Ila mzazi akiniuliza leo namwambia, kabla hujalipa hata shilingi, uliza: mtu akija na vidonge vya akili mnamfanyaje? Wakisema wanamnyang'anya, funga pochi. Na kama mgonjwa wako ni wa gongo au pombe kali ya miaka mingi, usikubali afungiwe chumba na kuachishwa ghafla bila daktari wa kweli karibu. Arosto ya unga inatesa, lakini ya pombe inaweza kuua. Mtu anapigwa na kifafa, anaweweseka, anaondoka.

Jambo jingine nimelibeba tangu huko. Kijana aliyelala kitanda cha juu ya mdogo wangu alimaliza miezi yake minne, wakamkatia keki, wakapiga picha. Siku ya tatu mtaani akachoma kiasi kilekile alichokizoea zamani. Yeye alikikumbuka, mwili ulikuwa umeshakisahau. Alikutwa chooni kwenye gesti. Mwambieni ndugu yenu hili kabla hajatoka, hata mkiona kama mnamfundisha kuvuta.

Haya, kliniki. Tuliipata kupitia mwelimisha rika wa asasi moja, teja mstaafu, ambaye alikuwa anapita kwenye maskani ya kina mdogo wangu akiongea nao na kuandika majina. Aliniomba nisimlazimishe. Ikaanza safari ya vikao vya maandalizi, wiki kadhaa, kabla ya kuonja hata tone: kuelezwa masharti, kupimwa mkojo, VVU, kifua kikuu, homa ya ini, kupigwa picha ya kadi. Nauelewa mzunguko huo, lakini nauchukia. Teja anaposema "niko tayari" ni kama mlango wa daladala, umefunguka sasa hivi. Unamwambia arudi Alhamisi? Kuna ambao Alhamisi haikuwakuta. Hilo doa la kwanza.

Dawa yenyewe nitaieleza kama nilivyoelezwa na sista mmoja mnene mwenye subira. Kichwani kuna viti. Unga unakuja unakaa, baada ya saa chache unanyanyuka, na kiti kikibaki kitupu ndiyo arosto inaanza. Methadoni inakaa kwenye kiti hichohicho, lakini inakaa siku nzima na kuzidi, haileti ile stimu ya kupaa, na unga ukija unakuta watu wameshajaa. Ndiyo maana mara moja kwa siku inatosha. Na ndiyo maana haitakiwi kukosa: kwa kliniki yetu, ukipotea siku tatu mfululizo hupewi dozi yako mpaka umuone daktari, na anaweza kuishusha, kwa sababu ileile iliyomuua yule wa keki.

Shemeji yangu, mtu wa swala tano, aliniambia nimebadilisha ulevi kwa ulevi. Sikubishana naye dini. Nilimwambia tangu mdogo wangu aanze kwenda dirishani sijanunua sufuria. Zamani nilikuwa nanunua kila baada ya miezi miwili: sufuria, pasi, mtungi wa gesi mara moja, na kanga za mama zikiwa zimeanikwa mbichi. Mwili wake bado unategemea dawa, nani kaficha? Ila zamani alikuwa anaamka akitafuta mtu wa kumwibia, siku hizi anaamka akitafuta nauli. Tena dawa hii si ya jana. Vincent Dole na Marie Nyswander walitangaza kule New York mwaka 1965 kwamba wanawatibu watu wa heroini kwa methadoni, Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, na kwetu Tanzania Bara dirisha la kwanza lilifunguliwa Muhimbili Februari 2011. Baadaye yakaja ya Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Shemeji alisikiliza, akasema "Allahu aalam", akabadilisha mada.

Mdogo wangu alianza na miligramu 20, wakawa wanampandisha kidogo kidogo. Wiki hizo za mwanzo ndizo zilizonikosesha usingizi, kwa sababu dozi ndogo haimtoshi mtu, arosto inamchungulia jioni, na hapo ndipo wengine wanapoongezea unga, konyagi au vidonge vya usingizi. Vikikutana, pumzi inakata. Nilikuwa naamka usiku kusikiliza kama anakoroma vizuri. Ilipofika 85 akatulia, na hapo amebaki. Kwenye foleni utakuta wanaume wanashindana, "mimi niko mia na ishirini", kama wanataja mshahara. Msiwasikilize. Dozi ni ya mtu, kama saizi ya kiatu.

Dirisha lina nondo, na chini limeachiwa uwazi wa mkono kupita. Saa moja asubuhi foleni imeshafika kwenye mwarobaini. Mtu anataja namba yake, sista anaitazama picha kwenye kompyuta, anautazama uso, anayatazama macho. Ukiwa umesinzia na mboni zimekuwa kama ncha ya pini, hupewi, unaambiwa ukae benchi. Ukipita, unapewa kikombe kidogo cha plastiki, dawa imeshachanganywa na juisi, unagugumia mara moja, unaongezea maji. Halafu sista anakuuliza: "Umeamkaje?"

Miezi ya mwanzo nilidhani ni adabu. Kumbe ni mtego. Kuna wanaoificha dawa mdomoni wakaiteme nje na kuiuza, na aliyejaza mdomo hawezi kujibu salamu. Kwa hiyo kila mtu pale, hata aliyenuna, lazima atoe neno. Mwezi wa kwanza mdogo wangu alikuwa anasema "poa". Baadaye ikawa "salama, sista". Mwaka wa pili nikamsikia mwenyewe, nimesimama pembeni na kapu langu: "Nimeamka na mgongo sista, jana nimepiga Noah nzima peke yangu, na mwenyewe alitaka rangi mbili." Foleni nyuma inamfokea aondoke, yeye anamweleza sista habari za msasa na vanishi.

Ingekuwa ni dirisha tu ningewapa nyota tatu. Nyota ya nne ni ya mlango wa tatu baada ya dirisha, ambako daktari wa afya ya akili anakaa Jumanne na Alhamisi. Mwezi wetu wa pili alimuuliza mdogo wangu jambo ambalo kwa miaka tisa hakuna aliyemuuliza, si mtaalamu wa Mkuranga, si hospitali iliyompa vidonge, si soba, si mimi: kipi kilitangulia, sauti au unga? Akajibu bila kusita. Daktari akanigeukia mimi, nikumbuke redio ya jirani ilikuwa mwaka gani. Nilikumbuka, kwa sababu ndio mwaka niliomzaa binti yangu wa kwanza, na alikuwa anakataa kumshika mtoto, anasema redio imemkataza. Daktari akaandika yote. Ugonjwa ukapata jina, skizofrenia, na tukaambiwa vyote viwili vinatibiwa kwa pamoja, hapahapa, hakuna kusubiri kimoja kiishe ndipo kingine kianze.

Mnajua tulivyokuwa tunazungushwa kabla? Ukienda kwenye ugonjwa wa akili unaambiwa aache kwanza unga. Ukienda kwenye unga unaambiwa huyu ana kichaa, mpeleke kwanza kwenye akili. Mwaka mzima tuliwahi kuumaliza tukitembea kati ya "kwanza" mbili.

Badala ya vidonge vya kila siku akawekwa kwenye sindano ya kila wiki nne. Na kwa kuwa yuko pale kila asubuhi, kusahau hakuna: siku ikifika sista wa dirishani anamwambia, "Kunywa, halafu mlango wa tatu." Sindano mbili za kwanza zilimkaza. Shingo imekakamaa, ulimi mzito, anatembea kama kabeba ndoo ya maji kichwani. Nikataka kumtoa. Wakampunguzia, wakampa na vidonge vya kulegeza viungo, ikakaa sawa. Sauti hazijaisha zote, nisidanganye. Anasema redio imehamia nyumba ya tatu: anajua inaongea, lakini maneno hayashiki.

Mwaka jana likatokea la kutokea. Aligongwa na bodaboda, akaumia kichwa, siku ya pili kifafa kikampiga. Akalazwa hospitali nyingine, akatibiwa, akaruhusiwa na bahasha ya vidonge vya kifafa. Tuliwaambia kwamba anatumia methadoni. Aliyeandika dawa alitikisa kichwa na kuendelea kuandika. Baada ya wiki mbili naona mtu anapiga miayo. Kamasi. Jasho limelowesha shuka. Usiku halali, miguu inarusha. Dozi ileile, dirisha lilelile. Mimi nikajua tayari, amerudi, anaitema methadoni na kwenda kuchoma. Nilimpekua mifuko ya suruali akiwa bafuni. Nilimkagua mikono kama askari. Shemeji akasema alishasema.

Asubuhi ya pili ya vurugu hiyo sista hakumpa kikombe haraka. Alimtazama mboni, akaona zimepanuka, akamuuliza, "Umeanza dawa gani mpya?" Mdogo wangu akaitoa bahasha mfukoni, imekunjika mara nne. Sista akaisoma: kabamazepini. Akanyanyuka kwenye kiti chake, akaacha foleni inapiga kelele, akaenda nayo mwenyewe mlango wa tatu. Kumbe kabamazepini inalifanya ini liichome methadoni upesi kuliko kawaida, kikombe cha asubuhi kinakuwa kimeisha kabla ya jioni. Rifampisini, ya kifua kikuu, inafanya vilevile, kwa hiyo kama mgonjwa wako ana TB hakikisha pande zote mbili zinajua. Daktari akampangia kubadilishiwa dawa ya kifafa, na wiki zilizofuata wakawa wanamwangalia kwa karibu, maana ile ikishatoka mwilini methadoni inapanda tena na inaweza kumzidi.

Sikumwomba msamaha kwa maneno. Jioni ile nilimwekea kongoro, lile kubwa la mteja wangu wa kila Ijumaa. Alikula akaniambia, "Dada, leo umeweka ndimu nyingi."

Sasa malalamiko, na siyo machache.

Mlinzi wa getini. Sijui nani alimwajiri kwa ajili ya mdomo ule. Asubuhi yote ni "mateja upande huu, mateja msizibe njia", mbele ya wajawazito na wagonjwa wengine wanaoingia hospitali. Siku moja aliniuliza na mimi kama ni teja. Nilimwambia mimi nauza supu, na kwamba siku akiumwa asije kwangu. Nilipeleka malalamiko ofisini, wakaandika kwenye daftari. Mlinzi bado yupo, daftari sijui.

Choo. Kimoja, wanaume na wanawake, komeo limeng'oka, mtu anaingia na anayemshikia mlango. Kwenye foleni ya watu zaidi ya mia, wanawake nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kinabaki, na nadhani choo hicho ni sehemu ya sababu. Nyingine ni macho ya watu. Kuna binti anakuja na kichanga, mkono mmoja mtoto, mwingine kikombe, na wanaume nyuma yake wanatoa maneno. Wangetengewa nusu saa yao tu ya asubuhi.

Wauza kete za unga wanajua ratiba ya kliniki kuliko baadhi ya watumishi. Wako ng'ambo ya barabara, karibu na anayeuza kahawa. Na hapa nawalaumu kliniki kidogo: mtu ameshakunywa dawa saa mbili kasoro, siku nzima iko mbele yake, hana kazi, hana pa kwenda. Anakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini mpaka adhuhuri. Muuza kete naye anakuja kukaa. Mdogo wangu alinusurika kwa sababu fundi wake wa zamani alimrudisha gereji baada ya miezi minane, kwanza kwa kupiga msasa tu. Wasio na fundi wa zamani je?

Hawaelezi vya kutosha kuhusu tumbo. Methadoni inafunga choo, na si kufunga kwa utani. Siku ya sita tulikuwa tunazungumzia kulazwa. Mapapai, maji, mboga za majani, na ukiona siku tatu zimepita sema dirishani, wanayo dawa ya kulainisha ila mpaka uombe. Jasho nalo jingi. Na meno: mdomo unakauka, yanaoza upesi, mswaki kila usiku na juisi za sukari apunguze.

La kusifia ambalo sikulitarajia lilikuwa wakati wa msiba. Baba yetu mdogo alifariki Dodoma, tunatakiwa kuondoka na basi la usiku, na mdogo wangu hawezi kukaa siku nne bila dawa. Nilishajiandaa kumwacha. Nikaenda ofisini kwao na macho mekundu, wakapiga simu, wakaandika barua yenye dozi na picha, na siku nne zile akawa anakunywea kliniki ya Itega hukohuko Dodoma. Alishika jeneza la baba mdogo. Kuna mashangazi walikuwa wanamtazama mikono, akavaa shati la mikono mirefu jua likiwaka, akamaliza shughuli.

Mwaka huu ameanza kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani, siku mbili kwa wiki, baada ya mikojo yake kuwa safi muda mrefu. Kwangu mimi hiyo ni 4,800 kwa wiki inabaki mfukoni. Lakini someni hapa vizuri wenye watoto: kiasi ambacho yeye anakunywa na kwenda kazini kinaweza kumuua mtoto, hata kionjo kidogo. Ni tamu, ina harufu ya juisi. Ya kwetu inakaa kwenye kasha la bati juu ya kabati la mama, ufunguo wa kufuli ninao mimi shingoni pamoja na wa kibanda. Kitinda mimba wangu ana miaka minne na anapanda popote. Chupa tupu tunazirudisha dirishani, zinahesabiwa.

Nyota nne. Ya tano watakuja kuichukua siku wakiweka komeo chooni.

Kwa wanaokwenda mara ya kwanza: fikeni kabla ya saa moja na nusu, bebeni maji na kitu cha kukalia, na vidonge vyote vya mgonjwa viwekeni kwenye mfuko mmoja, hata vile mlivyoambiwa si vya muhimu. Foleni ya kushoto ni ya wageni, ya kulia ya wazoefu. Akija kijana mwenye kofia nyekundu kuwauzia nafasi ya mbele kwa buku, msinunue, foleni inakwenda haraka kuliko inavyoonekana.